Deni langu la biriani sikulipeleka kwenye televisheni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Houston, jimbo la Texas, na kazi yangu ni kupika kwenye shughuli za watu: nikahi, hitima, kitchen party, ubarikio, yeyote anayeniita naenda. Siku hizi haipiti wiki bila ndugu au jirani wa zamani kunitumia kipande cha video cha zile mahakama za televisheni za Marekani. Mama mwenye joho jeusi na kola ya lesi anamkaripia kijana aliyekopa hela za gari, kijana anababaika, uamuzi unatolewa, kesi imekwisha. Chini yake mtu ameandika kwamba hii ndiyo haki, huku kwetu kesi ya kuku inachukua miaka. Kuna na wanaosema kwamba nasi tuwe na kipindi kama hicho. Na hapa Marekani wapo Waswahili wenzangu wanaojaza fomu kuomba madai yao madogo yakasikilizwe huko.

Mimi fomu hiyo niliijaza, nikafika hadi kwenye karatasi za kutia saini. Kwa hiyo niruhusuni nieleze kinachoendelea nyuma ya lile joho.

Deni lenyewe lilikuwa la harusi. Wageni 220, ukumbi uko kusini-magharibi mwa jiji, bei tuliyokubaliana dola 4,800: biriani ya mbuzi, pilau, kuku wa kupaka, sambusa, kachumbari, na visheti vya wageni kuondoka navyo. Nilipokea arbuni ya dola 1,800. Salio la dola 3,000 lilikuwa nipewe usiku ule ule kabla sufuria hazijafunuliwa. Mama wa bibi harusi, ambaye nitamwita Mwenye Shughuli kwa sababu jina lake halina faida kwa msomaji, akaniambia bahasha iko kwa kaka yake. Kaka akasema iko kwa shemeji. Shemeji alikuwa mbele ya jukwaa anamtunza mwimbaji, noti zinamwagika. Nikatazama watoto wa watu wamekaa na sahani tupu, nikapakua.

Baada ya hapo ni WhatsApp tupu. Kwanza "wallahi Ijumaa nakutumia". Kisha sauti ndefu kuhusu benki. Kisha kimya, alama mbili za buluu tu. Nilipomwambia naenda mahakamani, ndipo kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba biriani ilikuwa na chumvi.

Wasiojua Texas niwaeleze kidogo. Madai madogo hapa yanasikilizwa na mahakama za chini ambazo wenyeji wanaziita JP, kifupi cha Justice of the Peace, na hakimu wake naye huitwa hivyo hivyo. Wilaya yetu ya Harris peke yake inazo 16. Tangu Septemba 2020 zinaweza kusikiliza dai la hadi dola 20,000. Huhitaji wakili, na hakimu mwenyewe sheria haimlazimishi awe mwanasheria. Unajaza fomu, unalipa ada kwa karani, unalipia na yule askari anayempelekea mdaiwa wito, unasubiri tarehe. Nilipeleka picha za sufuria, orodha ya vyakula ambayo Mwenye Shughuli aliithibitisha kwa maandishi yake, na risiti za mbuzi.

Sasa, ukishafungua dai namna hiyo, jalada lako ni la wazi. Yeyote anaweza kulisoma. Na miongoni mwa wanaosoma majalada hayo kila siku ni watu walioajiriwa na vipindi vya televisheni, kazi yao ni kutafuta ugomvi unaopendeza. Bado nasubiri tarehe ya kesi, nikaletewa barua ya kampuni moja ya utayarishaji, siitaji, ikisema wamevutiwa na dai langu na kunialika niombe lisikilizwe na kipindi chao. Mwenye Shughuli naye alikuwa ameletewa ya kwake.

Fomu ilikuwa nyepesi. Jina, umri, simu, unadai kiasi gani, umeshafungua kesi wapi, mpinzani wako ni nani na anapatikanaje. Halafu kikaja kisanduku kikubwa kuliko vyote: eleza uhusiano wenu. Mlikuwa marafiki? Mnasali pamoja? Watoto wenu wanacheza pamoja? Kisanduku cha ushahidi kilikuwa mistari miwili.

Binti aliyenipigia simu baadaye alikuwa na adabu, simlaumu, yuko kazini. Lakini nilikaa naye karibu saa nzima na risiti za mbuzi hakuziuliza. Aliuliza kama nililia. Aliuliza kama Mwenye Shughuli amewahi kunisema kwa watu, na amesemaje, nirudie maneno yenyewe. Nikamwambia alisema mimi napika kama ninayelisha msiba. Akacheka, nikasikia anaandika. Akaniuliza kama naweza kuja na "mavazi ya kwetu" na kama ile sufuria kubwa ya biriani inaweza kupanda ndege. Mwisho akaniomba nimweleze tena, lakini kwa hasira kidogo. Mhariri, mimi nimekua katika nyumba ambayo mtu mzima akidai chake anashusha sauti. Nilimweleza vile vile nilivyomweleza mwanzo.

Wiki iliyofuata zikaja karatasi, na hapo ndipo naomba wasomaji wanisikilize, kwa sababu hakuna video ya WhatsApp inayoonyesha karatasi.

Kinachofanyika katika vipindi hivyo kisheria kinaitwa usuluhishi. Pande mbili zinatia saini kwamba zinamchagua fulani awaamue, na kwamba atakachosema ndicho. Yule fulani mara nyingi aliwahi kuwa hakimu kweli. Joseph Wapner, aliyeanzisha mtindo huu kwenye kipindi cha The People's Court mwaka 1981, alikuwa hakimu mstaafu wa Los Angeles. Judith Sheindlin, ambaye dunia inamjua kama Judge Judy na ndiye huyo mwenye kola ya lesi, alikuwa hakimu wa mahakama ya familia New York kabla ya kuanza kipindi chake mwaka 1996, akakiendesha hadi 2021. Ila wakiwa pale studio hawana kiti cha serikali. Chumba ni jukwaa lililojengwa. Wale watu waliojaa nyuma wakitikisa vichwa, katika kipindi cha Judge Judy walikuwa wanalipwa kukaa pale. Uwezo wa kukuamua, yule mwenye joho anaupata kwenye saini yako mwenyewe.

Karatasi zangu zilisema kwanza nikaifute kesi yangu ya JP, na niifute kwa namna ambayo sitaweza kuifungua tena. Hilo tu lilitosha kunifanya niweke kalamu chini nikachemshe chai. JP akinikosea, nina siku 21 za kwenda mahakama ya juu yake na kesi ikaanza kusikilizwa upya. Msuluhishi akinikosea, rufaa ya kawaida haipo. Mahakama hutengua uamuzi wa usuluhishi kwa sababu chache sana: rushwa, udanganyifu, msuluhishi kuvuka mipaka aliyopewa. Kukosea hesabu ya mbuzi hakumo.

Kuvuka mipaka kumewahi kutokea. New York, mwaka 1999, wazazi waliokuwa wamepeleka ugomvi wao kwa Judge Judy walijikuta uamuzi umegusa hadi mtoto atamwona nani lini. Mahakama ya familia ikakataa sehemu hiyo, kwa kuwa mambo ya mtoto hayakuwa katika yale waliyotia saini. Lakini ukitukanwa tu, hilo ni lako. Ed Koch, aliyekuwa meya wa New York kisha akawa mwamuzi wa The People's Court, alishtakiwa na mtu aliyefika mbele yake, na mwaka 2000 mahakama ikasema msuluhishi ana kinga kama hakimu. Katika karatasi zangu kulikuwa na ukurasa mzima wa kukubali kwamba picha yangu, sauti yangu na habari zangu ni zao, popote duniani, milele, wakate wanavyotaka na waunganishe wanavyotaka. Mama yangu yuko Ngamiani, Tanga, simu yake inapokea kila kitu.

Yote hayo huenda ningeyameza. Lililonishinda lilikuwa ukurasa wa malipo.

Katika vipindi hivi anayeshindwa halipi. Nalirudia kwa sababu kila ninayemweleza huniuliza mara ya pili. Hukumu ikisema Mwenye Shughuli anipe dola 3,000, hela hizo zinatoka kwenye mfuko wa watayarishaji. Mwishoni mwa kipindi maandishi ya kusema hivyo hupita, madogo na ya haraka, na hakuna anayeyasoma kwa kuwa watu wameshanyanyuka kwenda kuchukua maji. Juu ya hapo, kila upande unapewa tiketi ya ndege, hoteli na posho ya kushiriki. Kila upande, yaani na yeye.

Hebu tazama hesabu. Mwanamke amekula biriani yangu yeye na wageni 220, amekaa na hela yangu, halafu anapandishwa ndege, analazwa hotelini, anapewa posho, na akirudi Houston deni halipo tena. Ndiyo maana alikuwa na haraka kuliko mimi. Yeye alitia saini siku ile ile karatasi zilipofika, kisha akanipigia, baada ya miezi ya kutopokea simu, sauti tamu kama siku ya kuagiza chakula: "Dada yangu, twende, si tutalipwa wote?" Akaniambia amekwisha ulizia na nguo.

Mpenzi msomaji utasema, ilimradi hela yangu inarudi, inanihusu nini imetoka mfuko gani. Binti yangu alisema hivyo hivyo, na sitaki kumdharau, maana kuna upande ambapo ana haki. Texas ni pepo ya wadaiwa. Mshahara wa mtu hapa hauguswi kwa deni la kawaida. Utakatwa kwa matunzo ya mtoto na mambo machache mengine, lakini si kwa biriani. Nyumba anayoishi haiguswi. Unaweza kushinda kesi asubuhi, ukatoka na hukumu yenye muhuri, na kazi ya kuikazia ikakuchukua muda kuliko kesi yenyewe. Najua fundi mmoja wa magari, Mkenya, ambaye mdaiwa wake alikuwa hana kitu kabisa, hana akaunti, hana kiwanja, anahama nyumba kila kukicha. Mtu kama huyo akiletewa barua ya televisheni, mimi mwenyewe nitamwazima sanduku la safari. Aende, achukue chake. Ajue tu kwamba posho ile ni kipato na watu wa kodi wanataka kuisikia, na kwamba mdaiwa wake hatakuwa amejifunza lolote.

Lakini Mwenye Shughuli si maskini. Ana akaunti benki, ana saluni, ana gari jipya kuliko langu. Mtu mwenye uwezo akilipiwa deni na televisheni, mwezi unaofuata ataagiza sambusa kwa mpishi mwingine, binti mdogo aliyeanza juzi, naye hatamlipa. Sisi wapishi wa shughuli hapa Houston tunajuana. Kabla ya kujibu ile kampuni niliwauliza wenzangu wawili, na wote wawili walikuwa na kadaftari kao chenye jina lake. Nikawaandikia watayarishaji kwamba nashukuru, sitakuja. Binti mwenye adabu alinipigia tena akiniambia ninaacha nafasi ambayo maelfu wanaitafuta. Sina shaka.

Kesi ya JP haikuwa na cha kuonyesha kwenye video. Chumba chenye viti vya plastiki, taa zinazokoroma, hakimu mzee mwenye miwani iliyoning'inia na mlundo wa majalada. Kabla yangu alisikiliza deni la kodi ya nyumba na mbwa aliyeng'ata tairi la baiskeli. Alinipa mkalimani nilipoomba, ingawa Kiingereza ninacho, kwa sababu kwenye hela sitaki kukosea neno. Aliuliza vitu ambavyo binti wa televisheni hakuviuliza: mlikubaliana lini, kwa maandishi gani, wageni walikuwa wangapi, kilichobaki kilikwenda wapi. Mwenye Shughuli akasema biriani ilikuwa na chumvi. Hakimu akamuuliza kama kuna sinia lolote lililorudi limejaa. Akasema la. Hakimu akageuza ukurasa mmoja, akageuza mwingine, akaandika. Nilipewa dola 3,000 pamoja na gharama za kufungua kesi, bila karipio wala kicheko, na tukatoka kwa mlango mmoja kila mtu akimwachia mwenzake apite.

Hukumu ya Texas inaishi miaka 10 na inaweza kuhuishwa. Nikaisajili kwa karani wa wilaya ili kiwanja chochote atakachokuwa nacho mbali na nyumba anayoishi kiwe kimeshikwa. Hakunilipa siku hiyo wala mwezi huo. Nilichofanya, na hili ningependa kila mwenye hukumu ya hapa alijue, ni kumpelekea maswali ya maandishi ambayo sheria inaniruhusu kumuuliza baada ya hukumu: benki yako ipi, mali yako ipi, nani unayemdai wewe. Akikataa kujibu anajibizana na mahakama. Mshahara hauguswi, lakini hela ikishaingia benki, mahakama inaweza kuizuia humo humo, na wakili wake bila shaka alimwambia. Aliponipigia safari hii hakuniita dada. Tukaandikiana kwamba atalipa dola 250 kila mwezi.

Nirudi kwa wanaotamani kipindi cha namna hiyo nyumbani. Sipingi watu kuelimishwa sheria kwa televisheni. Wengi wetu tumejifunza mirathi kwa kusikiliza redio kuliko shuleni. Ila tuseme wazi tunachokitamani. Tukitamani kesi ndogo ziende haraka, basi tuzungumze juu ya mahakama zenyewe. Jirani zetu Kenya walipitisha sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016, ikaanza kazi 2021 pale Milimani, Nairobi, dai lisizidi shilingi milioni moja ya Kenya, hukumu itoke ndani ya siku 60, na mtu ajisemee mwenyewe bila kufungwa na kanuni ngumu za ushahidi. Hapo kuna la kuiga au la kukosoa. Kwetu Tanzania ipo Mahakama ya Mwanzo, Kiswahili kitupu, na malalamiko yake tunayajua: tarehe zinapigwa, jalada halionekani, na ukishinda unaanza kumtafuta dalali wa mahakama. Ni matatizo ya kweli. Kamera haitafuti jalada lililopotea.

Na tukitamani kumwona mkaidi akiaibishwa, hilo nalo tuliseme. Mimi ni mtu, ningefurahi kumwona Mwenye Shughuli akiambiwa anyamaze mbele ya Marekani nzima. Lakini kwetu aibu ya deni ilikuwa inakwenda na kulipa. Mjumbe alikuita barazani, wazee wakakutazama, ukaona haya, ukaenda kuuza mbuzi ukalipa. Televisheni imechukua ile aibu ikaiuza kwa matangazo ya sabuni, na kulipa ikakusamehe.

Kwa Waswahili wa huku wanaoendelea kujaza fomu, ombi langu ni dogo. Kabla ya kutia saini, waulizeni wale watayarishaji kwa maandishi: kesi yangu ya mahakamani inafutwa kwa namna gani, kikomo cha malipo ni kiasi gani, mpinzani akinidai na yeye itakuwaje, na kipindi kisiporushwa nalipwa au silipwi. Mpeni karatasi hizo mtu anayesoma Kiingereza cha sheria. Vituo vya msaada wa kisheria vipo katika miji yote mikubwa, na vingi havilipishi wenye kipato kidogo. Msikubali kujibu siku hiyo hiyo hata wakisema nafasi inajazwa; wakikutaka, watapiga tena.

Hadi naandika barua hii bado namdai Mwenye Shughuli dola 750. Mumewe ni msomaji wenu wa kila siku, hilo nalijua, kwa hiyo nitumie nafasi hii kumkumbusha kwamba malipo ni tarehe 5, na tarehe 5 imepita.

Ni mimi,
Mpishi wa Tanga (jina limehifadhiwa),
Houston, Texas